Mkono Huu Sitautia Hina

Madungu,
Chake Chake, Pemba.
Jumapili, 24 Agosti 2014

Mpendwa mdogo wangu Himid,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, ingawa shikamoo yako ya juzi sikuisikia, maana simu uliikata kabla hatujafika huko. Natumai barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa, na joto la Maskati limeanza kulegea. Dawa ya presha unakunywa, au unaificha chini ya godoro kama ulivyokuwa ukificha kwinini utotoni? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila magoti ndiyo yanayonikumbusha umri. Huku karafuu zinachumwa na mji mzima unanukia.

Nimeamua kuandika kwa sababu barua haikatiki. Ijumaa nilipokupigia uliniambia, "Dada, mambo haya mwachie Kaka," halafu nikawa nasema peke yangu. Nikaikasirikia ile simu mpaka karibu niitupe kisimani. Jirani yetu Kificho anasafiri kesho kuja huko, na nimemwapisha akutie barua hii mkononi wala asimpe mtu mwengine. Najua umemwahidi Kaka Mjaka kwamba Ijumaa hii inayokuja utampa jibu juu ya ndoa ya Mwanawema. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo.

Najua pia ulichoambiwa. Umeambiwa kwamba binti yako amekutwa na mwanamme kwenye sakafu kongwe ya kuanikia karafuu, nyuma ya skuli. Umeambiwa mwanamme huyo ni Nassor, mtoto wa yule tajiri wa samaki wa Tumbe mwenye pikapu, na kwamba wazee wake wako tayari kuleta mahari ili aibu isitirike. Yote hayo ni kweli, Himid. Ila hukuambiwa alikutwa katika hali gani.

Nianzie Idi. Wajua mkesha wa Idi baraza yangu inavyojaa wasichana wanaotaka hina, na wajua mwanao alivyo, tangu uliponiachia akae kwangu asome, huwa wa kwanza kunyoosha mikono yote miwili mpaka viwikoni. Mwaka huu alitaka viganja tu. Mikono ya baibui kaiteremsha, na joto lile! Nikamvuta, nikapandisha nguo, nikaona mavilio ya damu manne, meusi, juu ya mkono, yamepangana. Akasema kaanguka kwenye ngazi za skuli. Nikamuuliza, "Ngazi za skuli yenu zina vidole?" Akaangua kilio mbele ya wenziwe.

Alinieleza kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Nassor alimpa simu. Tulidhani ni ya mwenziwe Kijakazi, kumbe hata huyo Kijakazi alishakatazwa kuongea naye. Simu ikilia lazima ipokelewe hapo hapo, hata kama yumo darasani. Lazima apige picha amtumie, aonekane yuko wapi na kakaa na nani. Mchezo wa netiboli kaacha kwa amri yake. Akichelewa kujibu hutukanwa, na wakionana hubanwa mkono au hupigwa kibao, na kesho yake huletewa halua na kuombwa radhi kwa machozi. Na mtoto wako, mwenye akili zile za hesabu, ananiambia, "Ananipenda, shangazi. Mie ndiye namtia hasira." Umri wa miaka kumi na sita, Himid! Nilitamani kulia, nikashindwa kwa hasira.

Kosa la kuonana na mvulana kwa siri analo, na nimemgombeza nalo vya kutosha. Lakini kosa hilo halilipwi kwa mwili wake.

Nilipanda Tumbe kumwambia mkeo. Moza ni mwanamke mwema na namheshimu, lakini siku hiyo nilitamani kumwagia maji. Aliniambia, "Wifi, wivu ndo mapenzi. Mwanamme asokuwa na wivu wa nini?" Nikamwambia mumewe yuko Maskati mwaka wa sita na hajawahi kumuuliza kakaa na nani barazani, je, hapendwi? Mwisho tukakubaliana simu niiweke kashani mwangu, na mimi mwenyewe niirudishe kwa mama yake Nassor.

Mwanawema hakuningojea. Aliona haya shangazi yake aende kugombana kwa watu. Siku nilipoitwa Wawi kumtia hina bibi harusi, aliitoa ile simu, akaenda nayo kumrudishia mwenyewe na kumwambia basi, yamekwisha. Alidhani mtu ukimrudishia chake atakuacha uende zako.

Nassor hakuipokea simu, aliushika mkono ulioishika. Alitaka afunguliwe hiyo simu aone kaongea na nani hata akapata kiburi cha kumwacha. Mtoto alipokataa, akavikunja vidole nyuma mpaka vikalia. Wachumaji karafuu walisikia ukelele wakaja mbio. Sasa nisikilize hapa, ndugu yangu, maana ndipo panaponiuma. Masikio yao yalisikia mtoto anayeumizwa, lakini macho yao yakaona msichana wa skuli na mwanamme, peke yao. Hakuna aliyeuliza kwa nini kapiga kelele. Wakawasukuma wote wawili mpaka nyumbani kwa Kaka Mjaka, watoto nyuma wakishangilia.

Kaka akatandika mkeka. Ndiyo, ndoa ya mkeka, ile ile tuliyokuwa tukiichekea zamani ikiwapata wengine. Shehe akaitwa, wazee wakaitwa, mtu akatumwa Tumbe kwa wazee wa kijana. Mwanao kakaa kwenye ncha ya mkeka, mkono kauficha ndani ya baibui, anatetemeka, na wote wanadhani anatetemeka kwa haya. Yule aliyemvunja vidole kakaa upande wa pili, kapewa maji ya kunywa.

Aliyewasimamisha ni shehe. Aliuliza, "Babaake yu hai?" Wakasema yuko Maskati. Akasema, "Basi bila idhini yake mie sifungi." Kaka akakupigia, hukupatikana. Nilikuja kusikia kwamba ulikuwa njiani kwenda Salala na mtandao hauko. Maisha yangu yote nimelaani mitandao mibovu, lakini ule wa Salala nimeuombea dua.

Mimi nilifika kutoka Wawi na rangi ya hina bado iko kuchani. Nikamshika mkono nimnyanyue tuondoke, akapiga ukelele. Ndipo baibui likafunguliwa, ndipo wazee wakaona. Hata hivyo Kaka akasema twende kwanza tukazungumze ndani! Nilimchukua mtoto mpaka hospitali, wakatupeleka kwenye chumba kile kinachoitwa Mkono kwa Mkono, ambako muuguzi na polisi wako pamoja, wala mtoto hakusimulishwa aibu yake barazani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika, cha shahada na cha kati. Anaswali navyo vimefungwa, na kwenye attahiyatu nikimtazama hunibidi niangalie pembeni.

Himid, Kaka si mtu mbaya. Ana mapenzi na jina la marehemu baba, na anaogopa watu watasema nini msikitini. Juzi alikuja kwangu na sharti zake. Ndoa ifungwe kabla Mfungo Tatu haujaandama, na kesi iondolewe polisi, kwa sababu mtu hamshtaki mkwewe. Akaniambia, "Funika kombe mwanaharamu apite." Nikamwambia, "Mwanaharamu hapiti, Kaka. Wewe unamkaribisha ndani na kumpa mke." Akainuka bila ya kunywa chai yangu. Mlangoni akageuka akasema kwa upole, maana alitaka tupatane, "Nawe ndiye utayemtia hina mwanetu."

Nimewatia hina mabibi harusi tangu kabla Mwanawema hajazaliwa. Wengine walikuwa wakilia, nikadhani ni kilio cha kuaga mama. Wengine nimekuja kuwaona baadaye hospitalini, au kwao, wamerudi na mtoto mgongoni na jino limepungua. Sisemi kila mume ni hivyo, Mungu aniepushe. Marehemu wangu hakuwahi kuninyanyulia hata ufagio. Lakini huyu hajafika hata kuwa mume, na keshavunja. Akishapewa cheti na mlango wa kufunga, atavunja nini? Mkono huu sitautia hina, Himid. Nimeshamwambia Kaka atafute mpakaji mwengine, na nitakaa mlangoni kumzuia.

Nassor yuko nje kwa dhamana, na hajatulia. Ametuma doti za kanga, ametuma halua, ametuma ujumbe wa sauti kwa simu ya Moza, analia humo kama mtoto mchanga. Moza alipousikiliza alitaka kulegea. Mimi nilichoogopa ni Mwanawema kulegea, maana siku mbili za mwanzo alikuwa bado anasema, "Hakukusudia." Halafu jioni moja tulipokuwa tunachambua mchele, yeye kwa mkono mmoja, akaniambia bila ya kuulizwa: "Shangazi, mkeka ulipotandikwa, alinitazama akacheka." Basi. Tangu hapo hakumtetea tena. Kanga zimerudishwa Tumbe kama zilivyokuja, na halua nimewapa mbuzi.

Siku hizi wasichana wakija kwa hina siwachori tu. Nawauliza nani anakupangia marafiki, nani anataka kuona simu yako, na akikasirika mkono wake huenda wapi. Mwanzo hucheka. Wiki iliyopita mmoja wa rika la Mwanawema alicheka, halafu akateremsha mkono wa nguo yake. Nimeshazungumza na mwalimu wao wa chuoni, anayewasomesha Kurani, awaambie na wavulana, kwa maana na wao hawajaambiwa na mtu. Vijana wote wa Madungu wanatazama Nassor atafanywa nini. Akipewa mke kwa kuvunja vidole, watakuwa wamesomeshwa, na somo hilo hatutaweza kulifuta kwa hotuba.

Nakuja kwako sasa. Ufunguo wa jambo hili hauko kwangu wala kwa Kaka, uko kwako, kwa sababu wewe ndiye walii wake, mwenye kumwozesha. Ukimpa Kaka uwakala, ndoa itafungwa hata nikilala mbele ya mlango. Ukisema hapana, hakuna shehe wa haki atakayeifunga. Utaambiwa unamuaibisha kaka yako. Sema hapana. Utaambiwa hakuna mwengine atakayemposa. Sema hapana, atasoma. Mwalimu mkuu amemkubalia arudi, na kiti chake kiko. Utaambiwa dada yako Mwatum ni mkali na ana ulimi. Hilo wakubalie.

Na ukishamjibu Kaka, mpigie mwanao. Usimuulize alikuwa na nani na kwa nini. Ameshaulizwa na mji mzima. Anakuogopa wewe kuliko anavyomuogopa Nassor, na hilo ndilo lililomfanya afiche toka mwanzo. Akiisikia sauti yako haina fimbo, nadhani atapata usingizi, maana hapati.

Wakumbuka ulipokuwa mdogo, ukigombana na wenzio ukirudi huna kosa hata moja, na mimi nikienda kukupigania bila ya kuuliza? Sikutaka ushahidi, nilitaka ndugu yangu. Nami sikudai malipo. Nakudai hili moja tu, na si langu.

Moza anakusalimu, na sasa yuko upande wetu. Amehamia kwangu mpaka mambo yapoe. Bi Tatu wa nyumba ya pili anakusalimu na anauliza udi wake. Kaka Mjaka hakukutumia salamu kwangu, lakini nakupa zake, maana ni ndugu yetu na tutaswali naye Idi. Nisalimie Wapemba wote mlioko huko, na yule Jaribu mwambie mama yake anasubiri simu.

Mola akulinde na njia za majabali, akupe riziki ya halali na moyo mkunjufu, na akujaalie Ijumaa ulimi ulionyooka.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata ukimkatia simu,

Mwatum

Mistari ya hapa chini ni ya mwanao. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akaniomba kalamu. Mwandiko umepinda, usome polepole.

Baba, shikamoo. Niwie radhi kukuandikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia keshauvunja. Usimpe na huu.