Kanyanga Inayonuka Jeranium

Jumapili, 4 Machi 1956

Bwana Gérard, mkuu wa labo yetu, yuko misa, kisha ziwani na madamu wake. Mtungi wa shaba tunaochemshia majani ya jeranium na kalitusi kupata mafuta umebaki peke yake. Nikauhurumia! Nikautia kasiksi, pombe ya ndizi, nikawasha moto. Kufika mchana — kanyanga, pombe kali, chupa tatu. Serikali inaikataza, ila haijaonja yangu.

Ubaya mmoja: inanuka jeranium. Mtungi niliusugua kwa sabuni mara nne! Geraniol, citronellol, ndivyo vinavyonuka ndani yake — majina ya watakatifu, tabia za kupe.

Jumatano, 7 Machi

Tumejaribu mafuta kwenye visahani vya vijidudu. Bwana Gérard hanusi kitu, kiko chake cha tumbaku kimemuulia pua. Pua ya labo ni mimi. Jeranium iliua vijidudu, ikaacha duara kubwa safi. Kalitusi, kaduara tu. Anasema mafuta mamoja yana vitu mia, kila kimoja na kazi yake. Najua. Kimoja kazi yake ni umbeya — Papa Honoré jirani yangu amekunywa kanyanga yangu, akacheua, mtaa wetu wote wa Kadutu ukanukia sabuni ya madamu.

Ijumaa, 9 Machi

Polisi wamekamata chupa moja ya kanyanga yangu. Komisa, mkubwa wao, kaileta — kwetu! Tumwambie ina mafuta gani, atajua mtungi uko wapi. Bwana Gérard akanipa ninuse. Mimi! Nikafumba macho kama padri. Pua ikasema jeranium, mdomo ukasema kalitusi. Kalitusi iko kila ua, watamkamata nani? Bwana akaandika, akatia sahihi. Nilitaka kucheza.

Jumamosi, 10 Machi

Wamemkamata mama mkwe wangu.

Maman Emérence wa Nyantende, asiyegusa hata kasiksi! Walimkuta na sufuria ya majani ya kalitusi motoni. Kifua kinamsumbua. Godelive, mke wangu, mama wa Delphine wetu, analia tangu asubuhi.

“Papa Delphine, weye njo unatumika ku labo! Wende uwaambie mama alikuwa anajifukiza tu. Ile uongo ya kalitusi, ni nani aliandika?”

Nikasema ni Bwana Gérard. Naona aibu hata kuandika. Nikisema kweli, kazi kwisha, na gereza ni langu.

Jumatatu, 12 Machi

Vijidudu havina adabu. Jumamosi Bwana Gérard alitia maji katika chupa ya komisa, mafuta yakaelea, akayajaribu kwenye kisahani. Leo — duara kubwa, safi. La jeranium!

Akalitazama. Akatazama karatasi yake iliyosema kalitusi.

“Constantin, sahani hii njo mubaya. Pua yako hapana. Tupa.”

Hakuna mzungu aliyewahi kuniamini hivi. Heri angenitukana.

Naandika kando ya beseni. Kisahani kiko juu ya daftari. Gari la komisa limesimama nje, anafuata karatasi aipeleke tribinali, kwa hakimu. Maman Emérence ameketi humo, kiti cha nyuma. Anakohoa, kajiziba mdomo kwa kitenge ili mimi mkwewe nisimsikie. Namsikia.

Bwana Gérard anauliza kama nimekwisha tupa.

Nakifunika kisahani, nakiweka mbali na beseni.