Samaki wa Mutumbwi wa Ezechiel

Dada Maombi,

Huku kambini Dzaleka tuko, Mungu anatulinda. Mvua imechelewa na cherehani yangu inakata uzi.

Mama alikuwa amekataa kula, hata nsima, ule ugali wa huku, hata dagaa kavu. Alitaka tu samaki mubichi wa ziwa letu. Siku zingine anasahau kama tuliacha Uvira. Juzi nikaenda mpaka Lilongwe, nikamuletea samaki wa huku, chambo, ndani ya barafu. Akafunua matamvua, akaona bado iko nyekundu, akacheka. Halafu akauliza kama kule nyumbani: "Ametoka mutumbwi wa nani?"

Unamujua, hakuli samaki kama hajui muvuvi wake. Nikajibu haraka: "Wa Ezechiel."

Tangu uniandikie kwamba ziwa lilimumeza kaka yetu huyo, sijamwambia Mama.

Akala yote, akafyonza mpaka kichwa. Akasema: "Kumbe mutoto wangu iko muzima! Mi nilikuwa nakusikia unalia kule nyuma ya nyumba, nikazani amekufa."

Leo asubuhi amewasha makala ya kupikia samaki, mwenyewe. Anasema Ezechiel hana tabia ya kuchelewa.

Umulilie wewe huko, dada. Huku mi siwezi tena.

Mudogo wako,
Gabriella