Mume Wangu Amechomoa Waya wa Gari la Mama Yake

Shangazi, shikamoo. Naomba unisaidie kabla nyumba yetu haijaparaganyika kwa sababu ya giaboksi, na nakuandikia wewe kwa kuwa wasomaji wote tunajua ulikaa gerejini miaka mingi kabla hujaanza kutatua mambo ya ndoa gazetini, kwa hiyo najua hata ukinicheka utakuwa umenielewa.

Mimi ni mke wa mtu, tuna watoto wawili wa kike, na tunaishi na mama mkwe wangu ambaye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na ana gari lake la zamani la rangi ya maziwa alilolinunua kwa jasho lake likiwa tayari limeshazeeka, na analipenda kiasi kwamba mume wangu husema ana mdogo wake mwenye magurudumu. Gari hilo lina gia nne halafu lina kitu kinaitwa ovadraivu, yaani kuna kaswichi kadogo pembeni ya usukani ambako mama akiwa kwenye gia ya nne na barabara imenyooka anakabonyeza, injini inashusha sauti na gari linateleza bila kelele, na kila Jumamosi huenda nalo hivyo mpaka kwa dada yake nje ya mji, wakashona pamoja, wakateta watu, jioni akarudi anaimba.

Sasa shangazi, hivi karibuni mama alikwaruza nguzo ya geti, halafu jirani mmoja asiye na dogo akamwambia mume wangu kwamba amemwona bi mkubwa akiyapita malori, na tangu hapo mume wangu hana raha. Yeye ni mtu mpole, anauza vifaa vya umeme, na hawezi kumwambia mama yake aache kuendesha, huyo hata kumwambia chai haina sukari hawezi. Basi siku moja mchana nikaenda kumwita ale, nikamkuta boneti iko wazi anazungushia utepe mweusi ncha ya waya, nikamuuliza unafanya nini, akashtuka kama mtoto aliyekutwa anadokoa nyama, akanivuta pembeni akasema, 'Nimechomoa waya wa ovadraivu tu, hauharibu kitu. Gari likianza kumlilia njiani atalichoka mwenyewe. Tafadhali mama watoto, usiseme.' Na mimi nikanyamaza.

Jumamosi ile mama alirudi amechoka, akasema gari limemlilia njia nzima, amebonyeza kaswichi wee mpaka kidole kimeuma, hakuna kitu, na mezani mbele yetu sote akauliza, 'Hivi mwanangu, ni gari limechoka au ni mimi?' Mume wangu akainamia sahani akasema, 'Ni gari, mama. Umri wake.' Mama akasema, 'Haya.' Siku chache baadaye nikamkuta uani amekaa ndani ya gari, injini haijawashwa, amegeuza ufunguo kidogo tu mpaka taa nyekundu zimewaka, gia ameipeleka ya nne, anabonyeza kaswichi juu chini, juu chini, na binti yangu mdogo alipotaka kumsemesha akamwambia, 'Nyamaza kwanza, mjukuu wangu.' Nilirudi jikoni nikalia, shangazi, kwa sababu niliona mtu mzima anaufundisha mkono wake upya, na aliyemfanyia hivyo nalala naye kitanda kimoja. Siku hizi cherehani inalia lakini mwenyewe haimbi.

Fundi akaitwa, akatikisa kichwa, akasema giaboksi ishushwe, mama akamjibu, 'Giaboksi yangu hutaigusa.' Mume wangu aliposikia habari za kushusha giaboksi akaingiwa na hofu, maana hakukusudia kuharibu, akaurudisha ule waya harakaharaka mama akiwa anaoga, lakini nadhani aliurudisha mahali sipo, kwa sababu sasa ovadraivu haitoki kabisa, gari linaondoka kwa uzito kama limebeba mawe, na mama baada ya kulizungusha mtaani mara moja aliliingiza uani pua ikiangalia ukuta, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akasema hili halirudi nyuma mpaka aseme yeye. Juzi mume wangu alimwomba alisogeze apitishe mizigo ya duka, akakataa katakata, nasi tukaona ni hasira za uzee.

Sasa mume wangu anaamini amelivunja kweli, na amepanga Jumamosi hii mama akienda kununua vitambaa aondoe jiwe, alitoe mwenyewe kwa rivasi, alipeleke kwa yule fundi litengenezwe kimyakimya, halafu mama aambiwe ulikuwa ugonjwa wa gari. Mimi nikisema nimemsaliti mume wangu, na ndugu watasema mke aliyekuja juzi ndiye aliyegombanisha mama na mwana. Nikinyamaza, mama anakwisha mbele ya macho yangu akidhani amezeeka ghafla, na huyu mama tangu niolewe ananiita mwanangu, hajawahi hata siku moja kuniita mkwe. Nifanyeje, shangazi?

Mimi, Niliye Katikati.

*

Marahaba, wewe Uliye Katikati. Pole. Nina mambo mawili ya kukwambia, na la kwanza haliwezi kusubiri habari za ndoa.

Gari hilo lisirudishwe nyuma! Si Jumamosi, si leo, hata hatua moja. Ndani ya ovadraivu kuna kifaa kinachokubali kuzunguka upande mmoja tu. Ikiwa imeshika halafu ukatia rivasi, unakilazimisha upande ambao hakikutengenezewa, kinapasuka, na hapo giaboksi itashushwa kwelikweli. Ndiyo maana waliolitengeneza gari waliweka swichi nyingine ndogo juu ya giaboksi yenyewe, umeme usipite mpaka gari liwe gia ya juu. Kwa dalili ulizoniandikia, mumeo, bingwa wetu wa balbu, ameuchukua waya akauunga moja kwa moja kwenye umeme wa ufunguo. Amezipita swichi zote mbili. Ukigeuza ufunguo tu, ovadraivu inashika, hata uwe gia ya kwanza, na ndiyo sababu ya ule uzito. Giaboksi haina neno, mwanangu. Haijawahi kuumwa.

Kwa hiyo afanye hivi. Ufunguo uzimwe, waya huo uchomolewe, gari likae lilivyo ili mgandamizo wa oili mle ndani ushuke wenyewe. Kisha atafute fundi wa umeme wa magari, asijitie kimbelembele tena, umeme upite njia yake ya zamani: kutoka kwenye kaswichi ka usukani, kupitia ile ya juu ya giaboksi, ndipo uende chini kwenye ovadraivu. Wakimaliza wageuze ufunguo bila kuwasha injini, watie gia ya nne, wabonyeze. Chini ya sakafu kutasikika 'tak'. Watie rivasi, wabonyeze tena. Hapo inatakiwa iwe kimya. Ikilia 'tak' kwenye rivasi, jiwe libaki lilipo na kazi irudiwe. Na wapime oili ya giaboksi, maana ikipungua nayo huleta vituko hivihivi, na watie ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari, si ile iliyobaki kwenye kopo la jirani.

Umeanza kuona? Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Mama aligeuza ufunguo kidogo, hakuwasha injini, akatia gia ya nne, akabonyeza juu chini, akamnyamazisha mjukuu. Wewe ukaenda kulia jikoni ukidhani anafundisha mkono. Mwanangu, alikuwa anasikiliza! Hakusikia 'tak', akajua umeme haufiki chini, na ndiyo sababu akamkatalia fundi giaboksi yake. Ovadraivu iliponasa, akaegesha pua ukutani na kuweka jiwe nyuma ya tairi, nanyi mkasema hasira za uzee. Uzee gani huo? Mimi nilipokuwa gerejini, bado nina meno yangu yote, nisingefanya zaidi ya hapo.

Na mtu aliyejua kwamba umeme haufiki lazima atafungua boneti. Akifungua ataona nini? Utepe mpya mweusi unaong'aa kwenye waya uliofifia miaka na miaka. Na katika nyumba hiyo muuza utepe ni mmoja.

Basi mama hakwishi kwa kudhani amezeeka. Pale mezani alipouliza, aliuliza kwa dhati, maana alikuwa hajui. Akajibiwa uongo na mtoto wake wa kumzaa. Siku chache baadaye akaujua ukweli peke yake, ndani ya gari lake, na tangu hapo hajasema kitu. Angetaka kumwaibisha mumeo angeita fundi wa umeme, mambo yangekwisha asubuhi moja. Hakumwita. Gari hilo amelifunga kwa jiwe kwa sababu anamngoja mwanawe aje aseme mwenyewe, na kila siku anayokuja na habari nyingine inamuuma upya. Hilo ndilo lililomnyima nyimbo.

Sasa wewe. Sikulaumu kwa siku ya kwanza, mume akikuomba umfichie jambo ni vigumu. Lakini ulimwona mama amenuna, ukamwona ameacha kuimba, ukaendelea kungoja yapite kama mafua. Hayapiti. Usiende kumsemea mumeo kisirisiri, maana aliyekosa ndiye wa kukiri, na mama anataka kusikia sauti ya mwanawe, si yako. Mpe gazeti hili leo. Mwambie ana mpaka Ijumaa, chakula cha jioni. Asipofumbua mdomo utasema wewe, palepale, naye akiwa amekaa anasikia. Na hayo ya ndugu kusema umegombanisha watu achana nayo. Mama anayekuita mwanangu atawajibu yeye.

Na wewe bwana, najua sasa gazeti liko mikononi mwako. Kaa chini. Najua unaogopa. Nguzo ya geti imekwaruzwa kweli, na simu ya kuambiwa mama yako yuko chini ya lori hakuna mtoto anayetaka kuipokea. Hapo sikucheki, na mimi nina mama. Lakini ulikuwa na maneno mawili ya kusema, 'Mama, naogopa,' yakakushinda, ukaona afadhali aitilie shaka mikono yake mwenyewe, hiyohiyo iliyokushonea nguo na kukusomesha. Hapana. Heri lawama kuliko fedheha. Nenda kwake, na usianze na macho yake, usianze na umri, wala jirani usimtaje kabisa. Anza na hili: 'Mama, ule waya niliuchomoa mimi.' Halafu nyamaza ukaripiwe, kwa sababu utakaripiwa, na usijitetee.

Akimaliza, ndipo umweleze hofu yako yote. Mwombe mkapime macho, wote wawili, wewe ukiwa wa kwanza kukaa kwenye kile kiti. Halafu Jumamosi kadhaa funga duka, panda naye, funga mkanda, ujionee mwenyewe anavyoendesha badala ya kuletewa habari na majirani. Huenda ukakuta anaendesha vizuri kuliko wewe, nawe urudi ukalale usingizi. Huenda ukaona muda wake umefika kweli, na hapo itakubidi umwambie usoni, kwa maneno ya mtu mzima, hata kama sauti itakutetemeka. Ukishasema, mwache. Alilinunua gari hilo kwa sindano na uzi, hakusaidiwa na mtu. Siku ya kuliacha, funguo aziweke mezani kwa mkono wake, akijua ni yeye aliyeamua.