Pikapu Iliyonukia Samaki

Shoga, shika simu! Nimeaibika, sina pa kuficha uso.

Mume wangu kamimina mafuta yangu ya kukaangia samaki kwenye pikapu. Yale machafu ya kibandani! Eti dizeli ya nini, kaona kwenye simu watu wanaendeshea mafuta ya kupikia. Na leo pikapu ndiyo iliyobeba jeneza la mjomba wake!

Shoga, moshi unanukia samaki. Samaki wa kukaanga! Msafara mzima wa mazishi nyuma yetu unameza mate. Mchungaji kaniuliza, "Kwani tunakula kabla ya kuzika?" Nikajifanya nalia.

Kufika geti la makaburini, ikazima kabisa. Wanaume wakabeba jeneza mabegani. Fundi mmoja akafungua chujio la dizeli, akatoa mwiba. Mwiba wa samaki, shoga!

Mama mkwe, unamjua anavyonisema kwa mapishi, akaacha kumlilia kaka yake, akaja kuinamia bomba la moshi. Akanusa. Akanusa tena.

"Mafuta haya hujayabadilisha tangu wiki iliyopita."

Kwa sauti, shoga! Mbele ya wafiwa wote.

Na nusu yao ni wateja wangu.