Nilimfuata Luhende Ziwani Bila Gari

Segese, Msalala

Kwa Mama mkwe wangu, Handeni.

Mama, shikamoo. Naipokea marahaba yako hata kama safari hii utaitoa kwa shingo upande. Goti la kushoto linaendeleaje? Mvua za huko zimeshuka, au bado mnatazama mawingu yakienda kunyesha kwa wengine? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Mjukuu wako Hadija ameng'oka meno mawili ya mbele, na siku hizi anasoma kila kilichoandikwa kwenye mabasi yanayopita hapa, hata yale maneno ambayo mtoto hapaswi kuyajua.

Najua atakayekusomea barua hii ni Shemeji Athumani. Shemeji, salamu zako ziko chini. Nakuomba usiruke mstari hata mmoja. Ukiruka nitajua, kwa sababu Mama atanijibu kwa upole.

Mama, mwezi jana kijana mmoja mchimbaji alikuja kula kwenye kibanda changu. Aliwahi kufanya kazi na Luhende, yule aliyekuwa mwenza wa mwanao Rajabu kwenye duara lao, yaani shimo la dhahabu. Alikuwa anaaga, anarudi kwao Kondoa kwa sababu kifua kimemshinda. Alimaliza ugali, akanawa, halafu akaniambia, "Mama Hadija, siwezi kuondoka na hili. Rajabu hakuwa amelewa siku ile. Luhende alishuka jana yake akang'oa matimba matano, akayapeleka kwenye shimo lake jipya." Matimba, Mama, ni magogo yanayozuia kuta za shimo zisiwaangukie watu. Mwanao alishuka asubuhi akidhani yapo, kuta zikamfunika.

Unajua kilichofuata, maana Luhende huyohuyo ndiye aliyepiga simu Handeni. Aliwaambia kwamba Rajabu alishuka chakari, akapiga gogo kwa nyundo, akajiua mwenyewe. Nawe uliamini. Hukuja kuzika. Hitima haikusomwa. Shemeji Athumani alipopata mtoto wa kiume akataka kumwita Rajabu, ulisema nyumba yako haimrithishi mtu jina la mlevi. Miaka miwili Hadija anaimbiwa shuleni kwamba baba yake alikufa na chupa mkononi, na mimi nilikosa la kumjibu, kwa sababu bibi yake mwenyewe alikuwa amekubali.

Nilimpigia Luhende. Alikwishaacha dhahabu, sasa ana mitumbwi ya kuvulia samaki huko ziwani. Sikumtukana. Nilimwambia tu arudi Segese aseme ukweli mbele ya watu. Akacheka. "Mama Hadija, mimi niko ziwani," akasema. "Ufukwe huu ni mrefu, nami nahamahama, na wewe huna gari. Utanitafuta mpaka uote mvi." Akakata, na kuanzia hapo simu yake haikupatikana tena.

Nilikaa nikayawaza maneno yake. Hakuniambia sina haki, aliniambia sina gari. Basi kesho yake nilimwacha Hadija kwa jirani, nikafunga kibanda, nikapanda basi la Geita na kikapu chenye kanga mbili na karanga.

Kutoka Geita nilipanda gari ndogo, hizi wanazoziita michomoko, mpaka Nkome, na huko ndiko nilikoliona ziwa. Mama, sitakuficha, nilikasirika kwa jinsi lilivyo zuri. Nilikwenda na hasira yangu nimeifunga vizuri kwenye pindo la kanga, na mbele yangu maji hayana mwisho, visiwa vyenye misitu vimekaa mbali, mawe makubwa ya mviringo yamepangana ufukweni, na ndege weusi kwa weupe wanasimama hewani palepale kabla ya kujitupa majini. Dagaa wameanikwa mchangani eneo zima linang'aa. Nilichota maji kwa kiganja nikaonja. Hayana chumvi. Nikajiambia, Mwajuma, hukuja kutembea. Lakini miguu iliendelea kutembea kando ya maji mpaka jua likalegea.

Na hapo nikagundua jambo ambalo Luhende hakulijua. Mwenye gari hufika, akauliza, akaondoka. Asiye na gari husubiri, na pale anaposubiri kuna mama anayechoma sato, fundi wa nyavu, na abiria mwenzake mwenye kuku miguuni, wote hawana la kufanya ila kuongea. Pale Nkome kesho yake nilisubiri mtumbwi wa abiria asubuhi nzima. Mpaka unafika nilikwishajua Luhende ana mitumbwi mingapi, gari lake aina ya Noah ni jekundu, amemwoa nani, amegombana na nani, na kwamba ameelekea upande wa Chato.

Mtumbwi wenyewe una injini, na haufiki nchi kavu. Wapo wanaume ambao kazi yao ni kukubeba mgongoni mpaka mtumbwini. Aliyenibeba alikuwa Msukuma mmoja mwenye kifua kipana, akashusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia la mpunga.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "mbona mzito hivi? Kwenu wapi?"

"Handeni. Mimi Mzigua."

Akasimama katikati ya maji. "Mzigua! Ndiyo maana. Babu zangu walibeba mizigo mpaka pwani, Wazigua wakawanyima maji ya kunywa. Leo na mimi nakutupa humu unywe mpaka ushibe."

"Nitupe," nikamjibu, "lakini ujue aliyezaliwa na Msukuma hajui kuogelea, anajua kuchunga tu." Mtumbwi mzima ukacheka. Unajua utani wetu na hawa watu, Mama, ulianza tangu enzi za misafara. Mzigua akimtania Msukuma hakuna wa kununa, na akinuna ameaibisha ukoo wake.

Tuliambaa na ufukwe mchana ule wote. Tulitia nanga kila penye mwalo, yaani pale wavuvi wanaposhushia samaki, na kila mwalo nilishuka nikauliza. Wa kwanza walisema alikuwa hapo juzi. Wa pili walisema hawajamwona, ila waliniuzia mihogo ya kuchoma na kunionyesha viboko wamezama mpaka pua. Ningekuwa na mtu wa kufurahi naye ningefurahi. Rajabu aliniahidi kunileta ziwani siku wakipata mawe mazuri. Nilikula mihogo yake na yangu.

Mwalo wa tatu nilimkuta mwanamke anageuza dagaa. Nilimwuliza kuhusu Luhende, akanitazama kanga na kikapu. "Kumbe umesikia," akasema. "Mama yake amefariki jana. Wanazika kesho saa nane, kwao, juu kule. Wewe nani wake?"

Mama, Mungu anisamehe, nilimjibu bila kufikiri, maana Luhende naye ni Msukuma. "Mimi mtani wake."

Kijiji hicho sitakitaja, maana waliofiwa wengine hawana kosa. Asubuhi nilipanda Noah ya abiria mpaka barabara ya Chato, halafu bodaboda katikati ya mashamba ya mihogo. Nilifika watu wamejaa, wanakwaya wamekaa chini ya turubai, na Luhende yuko mlangoni na suti nyeusi. Aliponiona alitazama nyuma yangu, nadhani akitafuta gari lililonileta.

Sikumsalimu. Niliingia ndani kwa wanawake, nikawasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila." Nikasema, "Mimi Mzigua, nimekuja kumzika mtani wangu." Wakapiga vigelegele. Walikuwa wamechoka kulia na hawakuwa na mtani wa kuwachangamsha. Wakanipa kanga ya marehemu na fimbo yake. Nilijifunga, nikainama, nikatembea kama bibi kizee, nikamkoromea kila niliyekutana naye. Hata binti zake marehemu walicheka huku machozi yanawatoka. Halafu sanduku lilipoinuliwa nikaenda kujilaza kizingitini, mlango mzima nimeuziba.

Unajua desturi, Mama. Mtani akilala mlangoni maiti haitoki mpaka apewe anachotaka, na hakuna wa kumruka wala kumvuta.

Mpwa mmoja akaleta noti. Nikamrudishia. Wakaleta jogoo, nikamwambia jogoo ni mtani wangu pia, siwezi kumla. Kicheko. Wakasema mbuzi. Nikasema, "Sitaki mbuzi. Mfiwa mkuu aje hapa aniambie matimba matano ya Rajabu yalikwenda wapi."

Wakacheka tena, Mama, na hapo moyo uliniuma. Nilikuwa nimesema lile jambo lililonipandisha magari na mtumbwi, mbele ya watu wote wale, na wao walidhani ni vichekesho vya Mzigua. Kumbe utani ulionifungulia nyumba yake ndio uliokuwa unamficha. Luhende naye alicheka, kwa sauti kubwa kuliko wote. Akasema, "Mtani wangu huyu ana maneno. Mpeni mbuzi wawili."

Sikuinuka. Jua lilizidi kuwaka. Mchungaji akatazama saa. Nikarudia maneno yaleyale, bila kukoroma, kwa sauti yangu mwenyewe. "Sitaki mbuzi wawili. Nataka aseme matimba yalikwenda wapi." Safari hii wachache ndio waliocheka. Nikarudia mara ya tatu, hakucheka mtu.

Baba yake mdogo Luhende akaja akachuchumaa karibu na kichwa changu. Ni mtu mfupi, mpole. "Mayu, haya ni utani?"

"Nipewe ninachotaka, baba, kisha uamue mwenyewe."

Akainuka. "Luhende, njoo. Mama yako amewekwa mabegani mwa watu na wamechoka kusimama. Mpe mtani anachodai."

"Baba mdogo, mwanamke huyu ana kichaa."

"Mpe."

Mama, nilimtazama kutoka pale chini. Suti imemganda kwa jasho. Hakuweza kuniruka. Hakuweza kununa. Hakuweza kuondoka, maana mama yake yuko nyuma yangu na kaburi liko mbele yangu. Siku ile hata yeye gari lake halikumsaidia.

Akasema kwa sauti ndogo, "Niliyatoa mimi."

"Wenzako hawajasikia," nikasema.

"Niliyatoa mimi. Matano. Nikayapeleka kwenye shimo langu."

"Na Rajabu alikuwa amelewa?"

Akalitazama sanduku la mama yake. "Hapana. Hakuwa mnywaji. Nilisema vile kwa kuogopa."

Nikainuka. Nikakung'uta vumbi, nikamrudishia binti wa marehemu kanga ya mama yake, nikashika beseni nikanawisha watu mikono kwa adabu zote mpaka mwisho wa mazishi. Yule mama hakunikosea kitu. Nilimlilia sawasawa, na nadhani nilimlilia na Rajabu humohumo, maana kwake sikupata nafasi, nilikuwa nashindana na maneno ya watu.

Nilirudi kwa njia ileile, Noah, mtumbwi, mchomoko, basi. Pale mwaloni nikasikia wavuvi wanne wa Luhende wameshusha vitu vyao na kuacha kazi. Wanasema aliyemng'olea mwenzake matimba atashindwaje kuwaachia wao kamba katikati ya maji? Nilifurahi, Mama. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilinunua sato mkubwa nikamla peke yangu nikitazama visiwa, na ziwa siku ile sikulikasirikia.

Haya, Shemeji, hapa ndipo hasa usiruke.

Mama, Luhende alisema uongo kwa siku moja akiwa na hofu. Wewe uliulea uongo huo miaka miwili ukiwa salama barazani kwako. Yeye hakumzaa Rajabu. Wewe ulimzaa, ukamnyonyesha, ulijua kwamba hata togwa likichacha alilisukuma pembeni, na bado mtu baki alipopiga simu ulimwamini yeye. Hilo nimekuwa nalo tumboni kila nilipokuandikia barua za heshima, na leo nimelitoa.

Nataka mambo matatu. Hitima ya Rajabu isomwe, na majirani wale wote waliosikia kwamba alikufa amelewa waalikwe. Mtoto wa Athumani apewe jina la Rajabu. Na wewe mwenyewe, si Athumani wala shangazi, umpigie Hadija simu umwambie kwa kinywa chako baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Akitokea wa kutaka ushahidi aje. Nitampeleka kwa Luhende kwa nauli yangu, njia naijua mwalo kwa mwalo.

Nisalimie wifi yangu mdogo, mwambie kitenge chake ninacho. Msalimie shangazi yake Rajabu aliyenitumia mchele kipindi cha eda bila kumwambia mtu. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Rajabu, na asomewe ukurasa huu wa mwisho. Nawe Shemeji Athumani, pole kwa kazi ya kusoma. Mbusu Rajabu mdogo, na umwite hivyohivyo, Mama akusikie.

Mama, mkwe hatanii mkwe, hayo ndiyo malezi uliyonikuta nayo. Kwa Luhende nilikwenda kama mtani, watu wakapata pa kuchekea. Kwako sina pa kuchekea. Barua hii nimeilaza kizingitini kwako, na huwezi kutoka bila kuiona.

Ni mimi mkweo,
Mwajuma, mjane wa Rajabu ambaye hakunywa.