Changó Hakusema Hivyo

Osmel shika simu. OSMEL! Nimejimaliza kwa mikono yangu.

Si unajua leo kulikuwa na ngoma ya Changó, mungu wa radi, kwa bibi yangu hapa Guanabacoa? Nilichoka kubeba viti, nikajitia nimepandwa na Changó mwenyewe. Macho juu, naunguruma kama radi, watu wote chini wananisujudia 😭

Bibi akaja mbio akapiga magoti MBELE YANGU. "Baba Changó, huyu mjukuu wangu aliyekimbia chuo nimfanyeje?"

Nikasema kwa sauti nzito, "Mpe ramu!" Maneno mawili tu. MPE RAMU.

Nikanywa, nikajiangusha, nikaamka. "Bibi, kwani kumetokea nini?" Maana aliyepandwa hakumbuki kitu, wewe unajua.

Bibi ananifuta jasho taratibu. "Changó kaagiza unyolewe, uwe mganga kama mimi. Mwaka mzima nguo nyeupe. Ramu hakuna, dansi hakuna."

Hakusema!! Osmel, Changó nilikuwa MIMI!

"Au unakumbuka alisema vingine, mume wangu?" Ananitazama, hata kope hapepesi.

Umati mzima umenikodolea macho.

"Sikumbuki kitu, bibi."

Wembe wanautafuta sasa hivi. Una shati jeupe la kuniazima?