Komadre wa Rais

Villarrica, 4 Machi 1933

Dada Deolinda,

Shikamoo. Mguu umepona? Sisi wazima, na kitoto chetu cha saba, dume tena, kinanyonya vizuri.

Kaa chini kwanza. Rais amenijibu barua yangu! Kwa mkono wake mwenyewe, hata wino umemchuruzika pembeni. Amekubali kuwa baba wa ubatizo, ili mtoto asije akageuka mbwa wa makaburini kila Ijumaa, kama wasemavyo juu ya mwana wa saba. Vita vimemkaba koo, na bado ameniita komadre, mzazi mwenzake kwa ubatizo! Barua yake nimeitundika ukutani. Hata padri alikuja kuisoma.

Mdogo wako,
Petrona

Itauguá, 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mguu bado unauma. Hongera.

Mimi nilimwandikia kabla yako, nikamwomba amtoe Anselmo wangu kwenye mahandaki ya vita huko Chaco. Naye alinijibu kwa mkono wake: “Mama, nikimtoa wako, wengine nitawaambia nini?” Barua yangu iko chini ya godoro. Wivu unanichoma, sifichi. Una wana saba, mimi mmoja, na bado wewe ndiye uliyepata! Lakini kompadre hamnyimi komadre wake, unajua. Mwombee Anselmo.

Dada yako,
Deolinda

Villarrica, 9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Waendeleaje? Usinune. Nimeshaomba, ila nimemwombea Rufino wangu, naye yuko hukohuko Chaco. Ombi kama hilo ni la mara moja tu, na nilipofika kwenye jina nikaandika la mwanangu. Atahamishiwa kwenye tanuri za mikate za jeshi, huku nyuma. Hata wewe ungefanya hivyohivyo.

Nakutumia chipa, mikate yetu ya Pasaka.

Mdogo wako,
Petrona

Villarrica, 30 Juni

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Chipa zilifika? Rufino yuko hapa likizo, kanenepa. Anakusalimu. Anasema bunduki yake ya mashine alipewa Anselmo, na blanketi lake pia alimwachia.

Nijibu, hata matusi.

Mdogo wako,
Petrona

Itauguá, 2 Agosti

Petrona,

Chipa niliwapa kuku.

Rais ameniandikia tena. Kurasa mbili, kwa mkono wake, ananiita mama yangu. Anasema Anselmo hakuiacha ile bunduki mpaka pumzi ya mwisho. Majirani wanaingia na kutoka kuisoma, kama walivyofanya kwako.

Ni ndefu kuliko yako. Njoo uichukue ukaitundike. Mimi nipe Rufino.

Deolinda